Urubani wa ukubwani: yasemwayo Mtwara na yaliyo kweli

Mwambie mtu wa Mtwara kwamba una miaka 55 na unataka kujifunza kurusha ndege ndogo. Atacheka kwanza, kisha atakwambia: "Umechelewa, mzee. Marubani wenyewe wanastaafishwa."

Kustaafishwa kupo, ila kunamhusu mwingine. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinamwekea ukomo rubani anayelipwa kusafirisha abiria kimataifa: miaka 60 akiwa peke yake, 65 ndege ikiwa na marubani zaidi ya mmoja. Leseni ya rubani binafsi ina umri wa kuanzia, miaka 17, lakini haina umri wa kukomea. Mwigizaji Morgan Freeman wa Marekani aliipata ya kwake akiwa na miaka 65, umri ambao rubani wa shirika la ndege anakabidhi sare.

"Basi miwani itakukwamisha. Na presha je?" Miwani haikwamishi mtu, unatakiwa tu uwe na jozi ya akiba karibu. Presha inayotulia kwa dawa zinazokubalika haimzuii mtu moja kwa moja. Kwenye sukari ndipo pa kuwa makini: kwa viwango vya ICAO, anayejidunga insulini hafaulu, wakati anayeidhibiti kwa chakula, au kwa chakula na vidonge vinavyokubalika, anaweza kufikiriwa. Mwamuzi ni daktari aliyeidhinishwa kupima marubani, wala si kila daktari wa hospitali ya mkoa. Unachohitaji ni cheti cha afya cha daraja la pili. Kwa kijana kinadumu hadi miezi 60. Ukivuka miaka 40 kinashuka hadi 24, na baada ya 50 ICAO inapendekeza upimwe kila mwaka. Kwa hiyo anza na daktari kabla hujalipa ada hata shilingi moja. Nashangaa wanaofanya kinyume.

Sasa dhana inayowagharimu watu fedha kuliko zote: kwamba mtu mzima anaweza kujifunza kidogo kidogo, kadiri mfuko unavyoruhusu. Kwa mkulima wa korosho inasikika kama busara. Malipo ya mnada yakiingia, unakwenda Dar es Salaam, unaruka mara tatu nne, unarudi shamba, unangoja msimu mwingine. Tatizo ni kwamba mkono unasahau. Kutua hasa ni kipimo cha macho na vidole, na kipimo hicho kinayeyuka kwa wiki chache tu usiporuka. Kila ukirudi, saa za kwanza unalipia kukumbuka. ICAO inataka angalau saa 40 angani, 35 kwa kozi iliyoidhinishwa. Wengi hupita hapo hata wakiwa vijana, na mtu mzima ajipangie zaidi tangu mwanzo. Umri unapunguza kasi ya kujifunza. Mapengo ndiyo yanayoua.

Kwa hiyo ningemshauri mtu wa Newala au Ruangwa aikusanye fedha hadi itoshe mafunzo yote, hata kama ni misimu kadhaa ya kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani. Mvua za kusini zikiwa zinanyesha, Desemba hadi Aprili, asome nadharia nyumbani: sheria za anga, hali ya hewa, kupanga njia, na jinsi mwili unavyodanganyika angani. Juni masika ya Dar yakishakatika, ahamie huko na aruke karibu kila siku inayoruhusu. Akichagua Nairobi, ambako uwanja wa Wilson una shule nyingi, akumbuke kwamba leseni ya Kenya itahitaji kutambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA.

Kuna pia jambo ambalo wazee hawalisemi. Mwalimu wako huenda akawa kijana wa miaka 25. Chini atakuamkia shikamoo kwa adabu zote. Juu, akisema anaichukua ndege, unaachia usukani papo hapo, bila kubishana. Mtu aliyekuwa mwalimu mkuu au mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika hupata shida hapa kuliko kwenye hesabu za upepo. Kwa upande mwingine, aliyekwisha kuona mengi haoni haya kuahirisha safari wingu likiwa baya, na hilo kijana hufundishwa kwa taabu.

"Injini ikizima, mnadondoka kama embe." Hapana. Bawa linabeba kwa sababu hewa inapita juu na chini yake, na hewa itaendelea kupita ukishusha pua na kutunza mwendo. Cessna 172, ndege ya mafunzo iliyoenea kuliko nyingi, ikiwa futi 5,000 juu ya ardhi na hewa imetulia, inaweza kuteleza kilomita 14 hivi bila injini. Yaani ukiwa juu ya Mikindani, uwanja wa Mtwara unafikika. Ila kusi likiwa linavuma, utakuwa unalikabili, na kilomita hizo zitapungua. Wala juu ya mashamba ya mikorosho hakuna pa kutua pazuri, kwa hiyo mahali pa kushukia unapachagua mapema. Kosa linaloua ni kuvuta pua juu ukitamani kufika mbali zaidi: mwendo unapotea, bawa linaacha kubeba, na hapo ndipo ndege inaanguka kweli. Mwalimu atakurudisha kwenye zoezi hili hadi ulichoke. Injini yenyewe ina mifumo miwili ya kuwasha cheche, haitegemei betri, na mmoja ukifa mwingine unaendelea. Mimi ningeogopa zaidi rubani anayejipenyeza kwenye wingu, au asiyepima mafuta kabla ya kuruka.

Kiingereza? Kinahitajika, kiwango cha nne cha ICAO kwa mawasiliano ya redio, na sehemu kubwa ni misemo ya kudumu inayokaririka. Na wanaodhani watabeba wanunuzi wa ufuta kwa nauli wakishapata leseni waondoe wazo hilo: leseni binafsi hairuhusu kulipwa kwa kurusha ndege.

Mwisho kuna wale wanaohesabu viti. Vinne, kwa hiyo watu wanne, tangi limejaa, na gunia la korosho nyuma, twende Dar kupitia Kilwa Masoko. Safari yenyewe ni kama kilomita 400, saa mbili hivi. Lakini Cessna 172S hubeba takribani kilo 400 juu ya uzito wake yenyewe, na mafuta ya tangi zima ni kama kilo 145. Watu wazima watatu wa kilo 80 wameshamaliza karibu yote yaliyobaki. Wa nne atakwenda na basi, na korosho zake.