Zawadi ya Mbwa: Jikoni au Dukani Si Hoja

Nimelisikia tena wiki hii kuhusu zawadi, yaani vitafunio vya kumtuza mbwa anapotii: “Za dukani zina kemikali, mimi namtengenezea mwenyewe.” Ukiuliza anatengeneza nini, ni maini mabichi ya bucha, au nyama iliyobaki kwenye mchuzi. Mchuzi wa vitunguu! Vitunguu maji na saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, hata vikiiva.

Mabichi ndiyo yanayonikera zaidi. Maini na mapupu ya ng'ombe, mbuzi au kondoo yanaweza kuwa na vifuko vya maji vya mnyoo tegu aina ya Echinococcus. Mbwa akivila, mnyoo hukomaa utumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi na kunata kwenye manyoya. Atakayeugua ni mtoto anayemkumbatia, uvimbe ukimkulia ini taratibu kwa miaka. Watu wa Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, wanaujua vizuri ugonjwa huo. Kwa hiyo chemsha dakika 40 bila chumvi, na ukiona kifuko chenye maji, usimpe mbwa yeyote, wa kwako wala wa jirani.

Za dukani nazo? Nyingi ni biskuti ngumu. Zinafaa kama kitafunio cha jioni, mafunzoni ni balaa: mbwa anatafuna, makombo yanadondoka, anainama kuyanusa, na ile amri ya “kaa” imeshasahaulika. Zawadi ya mafunzo iwe laini, inukie, imezwe mara moja, isizidi punje ya njegere. Watu wanakata vipande vya ukubwa wa kete ya bao, kisha wanashangaa mbwa kashiba kwa zawadi ya kumi. Zipo laini za dukani. Kila moja ikate vipande vinne.

Maini ya kuchemsha, yakatwe vipande yakishapoa, kisha yaingie ovenini nyuzi 150 kwa dakika 20: nje yanakauka, ndani yanabaki laini, mkoba wa kiunoni unaobebea zawadi haulowi. Friji siku 3, zaidi ya hapo gandisha. Usimpe kila siku, yana vitamini A nyingi mno. Badilisha na kifua cha kuku. Siagi ya karanga, soma lebo kwanza: zailitoli (xylitol), kiongeza utamu badala ya sukari, huua mbwa.

Vitabu vinasema zawadi zisipite asilimia 10 ya chakula cha siku. Kwa mtoto wa mbwa anayefunzwa mara 5 kwa siku, mimi huipita, kisha napunguza bakuli la jioni. Sina uhakika kwamba ndivyo inavyopaswa, ila mizani ya kila Jumamosi ndiyo inayoniamulia.