Je, wajua kwa nini mto Katonga hutiririka pande mbili?

Ukitoka Kampala kwenda Masaka, ukishapita Ikweta pale Kayabwe, barabara inakatiza bonde pana lililojaa mafunjo. Huo ndio mto Katonga, ingawa asiyeambiwa atadhani ni kinamasi tu. Mei 2023 mafuriko yaliharibu daraja lake, na wasafiri wa magharibi wakalazimika kuzungukia Sembabule.

Sasa ajabu yake: upande wa mashariki maji yake huingia Ziwa Victoria, upande wa magharibi huelekea Ziwa George. Katikati kuna kinamasi ambamo ni vigumu kujua maji yanakwenda wapi. Mto Kafu nao uko hivyo hivyo.

Zamani mito hii yote ilielekea magharibi. Kisha Bonde la Ufa likaanza kufunguka, kingo zake zikainuka polepole, na nchi ikainama kama sinia lililoinuliwa upande mmoja. Maji yakakosa njia, yakarudi nyuma na kujaa mabondeni. Ziwa Victoria lenyewe lilizaliwa hivyo, takriban miaka 400,000 iliyopita. Ndiyo maana ni pana mno lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Kyoga nalo, ukilitazama kwenye ramani, lina matawi matawi kwa sababu ni mabonde ya mito yaliyofurika.

Pwani, tuseme delta ya Rufiji, tope la mikoko hupangwa na maji kujaa na kupwa. Huku kwetu hakuna kupwa kwa kutajika. Mjenzi wa kinamasi hiki ni mafunjo. Mizizi yake hushikana ikawa zulia linaloelea, ukilikanyaga linatikisika. Mashina yaliyokufa huzama chini, na kwa kuwa hewa haifiki huko, hayaozi yakaisha. Chimba kidogo utatoa tope jeusi lenye nyuzi nyuzi na harufu ya yai viza. Mvua ikishusha udongo wa milimani, unanaswa humo humo, tabaka juu ya tabaka.

Matabaka ya namna hii ndiyo wanajiolojia husoma. Walipotoboa sakafu ya Ziwa Victoria, chini ya tope laini walikuta udongo mgumu wenye alama za mizizi: miaka kama 15,000 iliyopita ziwa lilikuwa limekauka, na nyasi ziliota pale ambapo leo wavuvi hutega sangara.