Kumkumbuka mtu na kumuenzi: maana ya mjadala wa kuondoa sanamu

Kiswahili kina maneno mawili ambayo ukiyatenganisha vizuri, nusu ya ugomvi huu unaisha: kukumbuka na kuenzi. Aliyekuchomea nyumba utamkumbuka mpaka unaingia kaburini, lakini hutamuenzi. Kumuenzi mtu ni kumpa hadhi, kumtunza kama kitu cha thamani, na kuwaambia watakaozaliwa kesho kwamba huyu ni wa kuigwa. Mjadala wa kuondoa sanamu na majina ya watu wa kihistoria unahusu hilo la pili, ingawa watu wengi huubishania kana kwamba unahusu la kwanza.

Swali lenyewe ni hili. Mtu fulani alipewa heshima hadharani zamani, kwa sanamu uwanjani au kwa jina la barabara, shule au ukumbi. Watu wa leo wanaijua habari yake yote, na wengine wao ni wajukuu wa aliowatesa. Je, aendelee kuipata heshima ile?

Chukua sanamu ya shaba ya Edward Colston iliyokuwa katikati ya mji wa Bristol, Uingereza. Colston alifariki 1721. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika, na inakadiriwa kwamba katika miaka aliyokuwa humo kampuni hiyo ilisafirisha Waafrika wapatao 84,000 wakiwa watumwa, ambao takriban 19,000 kati yao walifia baharini. Sehemu ya mali yake aliitoa kwa shule na nyumba za maskini za mji wake. Sanamu ilisimamishwa 1895, miaka 174 baada ya kifo chake, na kibao chake kilimtaja kuwa mmoja wa wana wa mji huo waliopita wenzao kwa wema na hekima. Kuhusu wale waliofia baharini, hakikuwa na neno. Kibao cha namna hiyo kinasifu. Anayetaka kujifunza historia hapo ataondoka na nusu yake, tena ile nusu nyepesi.

Hoja inayosikika kuliko zote dhidi ya kuondoa ni kwamba ukiondoa sanamu unafuta historia. Hofu hiyo ina asili yake, maana wapo watawala waliofuta kweli. Mwaka 211 Caracalla wa Roma alimuua mdogo wake Geta, kisha akaamuru jina na sura yake viondolewe kila mahali. Katika jumba la makumbusho mjini Berlin kuna picha ya familia hiyo, ya rangi juu ya ubao: baba, mama na mtoto mmoja wana nyuso zao, na pale palipokuwa na uso wa mtoto wa pili pamebaki doa la kukwanguliwa. Huko ndiko kufuta historia. Caracalla alitaka watu wasijue. Waliodai Colston ateremshwe walitaka watu wajue zaidi, na ni kelele zao zilizofanya habari za kampuni ile zisomwe na watu ambao hawakuwahi kuisikia.

Jambo la pili la kuangalia ni mwaka sanamu iliposimamishwa, na hili naliona kuwa muhimu kuliko wengi wanavyolipa uzito. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliisha 1865. Sanamu ya Robert E. Lee, jenerali wa majimbo yaliyojitenga ili kuulinda utumwa, ilizinduliwa Charlottesville mwaka 1924. Karibu miaka 60 ilikuwa imepita, na wakati huo sheria za ubaguzi zilikuwa zimekaza kote Kusini, Weusi wakizuiwa kupiga kura na kutengwa shuleni na ndani ya mabasi. Sanamu iliyowekwa katika hali hiyo inazungumza na walio hai, inawaambia nani mwenye mji. Ndiyo maana waliotaka iondolewe hawakuiona kama kipande cha historia tu. Iliteremshwa Julai 2021, na 2023 ikayeyushwa.

Wakati mwingine ujumbe umo kwenye umbo lenyewe. Hermann von Wissmann aliongoza jeshi la Wajerumani lililouvunja upinzani wa Abushiri pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1889. Sanamu yake ilisimamishwa Dar es Salaam 1909: yeye juu, na chini yake askari Mwafrika akiinua macho kumtazama. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliing'oa, na 1922 ikasimamishwa tena mbele ya chuo kikuu cha Hamburg. Wanafunzi waliiangusha 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968, na haikurudishwa. Anayedhani mjadala huu umezaliwa na mitandao ya kijamii aitazame miaka hiyo.

Na huko Ostend, Ubelgiji, kuna mnara wa mfalme Leopold II ambao pembeni yake wamechongwa Wakongo wakimshukuru kwa kuwakomboa. Mwaka 2004 wanaharakati walikata mkono wa sanamu ya mmoja wa Wakongo hao. Anayejua jinsi mikono ilivyokatwa Kongo wakati wa utawala wa mfalme huyo, pale watu waliposukumwa kuleta mpira wa porini, hahitaji kuelezwa. Kwangu mimi mkono ule usiokuwepo umesema kuliko kibao chochote.

Majina ya barabara yana tabu yake, kwa sababu hayaonekani. Unayaandika kwenye bahasha, unamwambia dereva, na hutafakari. Berlin ilikuwa na barabara iitwayo Petersallee, iliyopewa jina 1939, wakati wa Wanazi, kumuenzi Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani wa Afrika Mashariki, ambaye kumbukumbu za Tanganyika zilimpa jina la Mkono wa Damu. Mwaka 1986 wakuu wa eneo hilo walitangaza kwamba kuanzia siku hiyo barabara inamuenzi Peters mwingine, Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Jina likabaki lilelile. Ufumbuzi huo haukumridhisha aliyejua jina lilikotoka, na mwaka 2024 barabara iligawanywa: sehemu moja ikaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke wa Namibia aliyeuawa akipinga ubaguzi, na nyingine Maji-Maji-Allee. Barabara iliyokuwa ya mkoloni sasa inataja vita vya waliomkataa mkoloni, na mpita njia asiyejua Maji Maji ni nini ana sababu ya kuuliza.

Sasa tuje penye ugumu. Chuo Kikuu cha Ghana kilipokea sanamu ya Mahatma Gandhi mwaka 2016. Wahadhiri walilalamika, wakionyesha maandishi yake ya enzi alipokuwa Afrika Kusini, yenye maneno ya kuwadharau Waafrika, na Desemba 2018 sanamu ikaondolewa. Hapa wapo wanaosema kwa haki kabisa kwamba hakuna masika yasiyo na mbu. Tukimpima kila mtu kwa kosa lake baya kuliko yote, hatabaki wa kusimamishwa. Kipimo kinachonisaidia ni kuuliza: mtu huyu anaenziwa kwa sababu ya tendo lile, au licha ya tendo lile? Lee hana cha kuenziwa pale uwanjani ukimwondolea vita vya kutetea utumwa. Gandhi anacho, na kikubwa. Hata hivyo kipimo hiki hakimalizi kila kitu, kwa kuwa heshima ya uwanjani hutolewa kwa niaba ya jamii nzima, na waliopita chini ya sanamu ile kila asubuhi ndio waliodharauliwa katika maandishi yale. Siwezi kuwaambia wavumilie.

Hilo linatupeleka kwa swali la nani aamue, na mara nyingi kinachochoma watu zaidi ni kutosikilizwa. Rudi Bristol. Miaka ya malalamiko ilizaa wazo la kuongeza kibao cha pili chenye ukweli kuhusu utumwa. Wakaanza kubishania maneno: hili litiwe, lile lipunguzwe makali, mpaka mwaka 2019 kibao kilikuwa bado hakijawekwa. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji waliifunga sanamu kamba, wakaiangusha, wakaibiringisha hadi bandarini na kuitosa majini. Waliokasirishwa na njia ile wana hoja, maana mali ya umma haifai kuamuliwa na waliofika kwanza na kamba. Lakini mlango wa adabu ulikuwa umebishwa hodi kwa miaka mingi bila kufunguliwa.

Kuhusu kitakachofuata baada ya kuondoa, njia ni nyingi. Bordeaux iliyaacha majina ya wafanyabiashara wa watumwa kwenye barabara zake kadhaa na kuweka chini yake vibao vya maelezo. Budapest ilikusanya sanamu za enzi ya ukomunisti katika bustani moja iliyofunguliwa 1993. Mimi sipendi kuyeyusha, kwa sababu shaba iliyoyeyuka haiwezi tena kumjibu mtu swali. Colston aliopolewa, akasafishwa matope na kuachiwa rangi aliyopakwa siku ile, na 2021 akaonyeshwa katika jumba la makumbusho la Bristol akiwa amelazwa chali, ili mtu anayemtazama amwinamie badala ya kumwinulia macho.

Na wakati mwingine heshima hurudi. Kwame Nkrumah alipopinduliwa 1966, sanamu yake mjini Accra ilivunjwa na umati. Raia mmoja alikiokota kichwa na kukihifadhi kwa miaka mingi kabla ya kukirudisha. Leo, katika bustani ya kumbukumbu yake, kiwiliwili kilichovunjika kinaonyeshwa kama kilivyo, na kichwa kimewekwa peke yake, katika bustani hiyohiyo yenye sanamu mpya inayomuenzi.