Tembo wa Dodoma kwenye sarafu ya shilingi 20

Kijana aliyezaliwa Dodoma miaka ya karibuni huenda hajawahi kushika shilingi 20. Ni sarafu yenye ukingo wa pande saba. Upande mmoja una sura ya Rais wa zamani Ali Hassan Mwinyi, wa pili tembo jike na ndama wake. Siku hizi hainunui kitu, lakini mimi huwaanzishia wageni wetu hapo, kwa sababu jina la mji huu lenyewe ni habari ya tembo. Wagogo husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, penye mikuyu, akanasa topeni. Watu wakasema idodomya, imezama.

Sarafu za mfukoni zimejaa wanyama: faru na mwanawe kwenye hamsini, swala pala kwenye mia, simba wawili kwenye mia mbili, na nyati kwenye jero, yaani mia tano, iliyotoka mwaka 2014. Nyati na simba hao unawakuta Hifadhi ya Ruaha, safari ya siku moja kutoka hapa.

Sarafu za kumbukumbu ni jambo jingine. Hizo hupigwa chache, kwa fedha au dhahabu, na huuzwa kwa wakusanyaji. Konda hatakurudishia chenji kwa sarafu ya dhahabu. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa tatu za uhifadhi: twiga kwenye shilingi 25, faru mweusi kwenye 50, zote za fedha, na duma kwenye shilingi 1500 ya dhahabu. Mwaka 1986, shirika la uhifadhi la WWF lilipotimiza miaka 25, zikaja mbili. Tembo na ndama wakawekwa kwenye shilingi 100 ya fedha. Ya dhahabu, shilingi 2000, akapewa ndege wa aina ya chozi.

Uchaguzi huo wa chozi ndio unaonifurahisha kuliko yote. Chozi wako wengi, lakini huyu ni wa kijani, anatosha kiganjani, dume lake lina utepe mwembamba mwekundu kifuani, na haishi nchi nyingine yoyote ila Tanzania. Anapatikana kwenye misitu ya milima kama Usambara, Uluguru na Udzungwa, huko juu kwenye vilele vya miti, akila wadudu na matunda madogo na kufyonza maua. Watalii wengi humpita bila kumwona.

Ukirithi sarafu ya aina hii sandukuni kwa babu, usiisugue kwa majivu wala ndimu. Weusi ule wa fedha hauidhuru. Kusugua ndiko kunakofuta kope za tembo.