Albamu ya "dilaksi" ni nini, na hizo teki zilizoachwa studio zinatafutwa za nini?

Kuna swali huwa linarudi kila tukikaa na wasee wa rock hapa Kisumu. Mtu anafungua simu atafute Revolver ya The Beatles, albamu ya 1966 yenye nyimbo 14, halafu anakutana na ingine ya 2022 iko na vipande 63, wimbo mmoja umejirudia mara tatu, mwingine hauna sauti ya mtu hata kidogo, mwingine unaanza na watu wanaongea tu studio kabla gita iingie. Sasa anauliza, hii ni albamu mpya ama ni ile ile, na hizi zingine zilikuwa zimefichwa wapi miaka hiyo yote?

Ni ile ile. Toleo la dilaksi ni albamu ya kitambo ambayo lebo (kampuni ya kutoa muziki) inaitoa tena, sana sana ikitimiza miaka 25, 40 ama 50, na ndani wanaweka albamu yenyewe ikiwa imesafishwa, kisha wanaongeza vitu ambavyo wakati ule havikutoka: demo (rekodi za mwanzo za kujaribia wimbo), teki ambazo hazikuchaguliwa, nyimbo nzima zilizoachwa nje, pengine shoo ya laivu, pamoja na kitabu cha picha na maelezo. Ikiwa kubwa zaidi wanaiita supa dilaksi na inakuja kwa boksi. Hiyo Revolver ya vipande 63 ukiihesabu vizuri utaona nyimbo 14 zimechanganywa upya, zile zile 14 kwa mono (sauti zote zikitoka kwa njia moja) vile watu walizisikia 1966, nne za single (nyimbo zilizouzwa peke yake kwa santuri ndogo), na 31 zilizobaki ndizo masalia ya studio. Hizo 31 ndio sababu mimi nahangaika na haya maneno yote.

Masalia yanatoka wapi? Bendi ikiingia studio haiimbi wimbo mara moja ikaenda nyumbani. Wanapiga, wanasimama, mtu amekosea, wanapiga tena, na kila jaribio linaitwa teki na linapewa namba, injinia anaiandika kwa boksi ya kanda. Teki moja ndiyo inachukuliwa, zingine zinabaki kwa kanda hiyo hiyo na kanda inaenda stoo. Halafu kuna nyimbo ambazo zilimalizika kabisa lakini hazikupata nafasi, juu santuri ya LP inabeba kama dakika 20 na kitu kila upande na ukiijaza kupita hapo sauti inaanza kupungua nguvu. Bruce Springsteen alipokuwa anatengeneza Darkness on the Edge of Town ya 1978 aliandika nyimbo nyingi mno na akachagua 10 tu. 2010 zingine zikatoka kwa seti inaitwa The Promise, zaidi ya nyimbo 20, na ukizisikiliza unaelewa hakuziacha kwa sababu ni mbaya. Alitaka albamu ngumu, kavu, na hizi zilikuwa tamu sana kwa kile alichokuwa anasema.

Sasa nichukue mbili tu kutoka kwa hiyo Revolver nionyeshe kile masalia yanakupa. Kuna Rain, wimbo wa single waliourekodi katika kipindi hicho hicho, na kila mtu anaujua ukiwa mzito, ngoma zinaanguka polepole kama zimechoka. Kwa dilaksi wameweka teki ya tano kwa spidi yake halisi na ni kitu kingine kabisa, wanapiga mbio, Ringo, mpiga ngoma wao, anakimbiza, yaani ule uzito wote haukupigwa na mtu, waliupata kwa kupunguza spidi ya kanda baada ya kurekodi. Unaweza kusoma hayo kwa kitabu ukayasahau kesho, lakini ukisikia teki yenyewe masikio yako hayatasahau. Halafu kuna Yellow Submarine, ule wimbo wa watoto, ambao miaka yote watu walisema ni wa Paul McCartney, mwenzao kwa bendi, ukapewa Ringo aimbe. Kwa dilaksi kuna kanda ya John Lennon, mwingine wa bendi hiyo, akiwa peke yake na gita, anaimba polepole kwa huzuni kuhusu mahali alipozaliwa, kwamba hakuna aliyejali. Ndio mwanzo wa wimbo ule ule! Mimi nilisikiza mara ya kwanza nikairudisha nyuma papo hapo juu sikuamini. Kilio cha mtu mmoja kikageuka kuwa wimbo ambao kila mtoto anaimba, na bila hiyo kanda hatungejua huzuni ndiyo ilitangulia.

Hapo ndipo watu huchanganya mambo mawili, rimasta na rimiksi, na lebo nazo hazisaidii juu zinabandika maneno haya kila mahali. Rimasta ni ile miksi ya zamani (vile sauti na vyombo vilivyounganishwa), haijaguswa mpangilio wake, imepitishwa tu tena kwa mashine bora, kelele za kanda zimepunguzwa, sauti imenyanyuliwa kidogo, wakati mwingine imenyanyuliwa kupita kiasi mpaka masikio yanauma. Rimiksi ni kurudi kwa kanda ambazo kila chombo kiko kwa traki yake, yaani mstari wake kwenye kanda, unaamua upya besi iwe kubwa kiasi gani, sauti ikae katikati ama pembeni. Giles Martin, mtoto wa George Martin aliyekuwa prodyusa wa The Beatles, ndiye alifanya hiyo kazi kwa Sgt. Pepper, albamu yao ya 1967, ikitimiza miaka 50, 2017.

Shida ya zile albamu za 1966 na 1967 ni kwamba studio ilikuwa na mashine ya traki nne peke yake, sasa zikijaa wanazimwaga zote kwa traki moja ya kanda ingine ndio wapate nafasi ya kuongeza vitu. Kwa Pepper angalau kanda za kabla ya kumwaga zilikuwepo. Lakini kwa Revolver mara nyingi ngoma, besi na gita zilirekodiwa pamoja kwa traki moja tangu mwanzo, na chai ikishapikwa na maziwa huwezi kuyatoa maziwa. Ndio maana Revolver ikakaa mpaka 2022. Timu ya Peter Jackson, yule wa filamu, ilikuwa imetengeneza programu ya kompyuta ya kutenganisha sauti za watu na vyombo kwa kanda za mono za 1969 walipokuwa wanatengeneza Get Back, filamu kuhusu The Beatles, na hiyo programu ndiyo ikatumika kuvunja traki za Revolver kipande kwa kipande. Ukisikiza na iyafoni nzuri, ile besi ya wimbo wa Taxman sasa inasimama mahali pake.

Lakini masalia ya maana zaidi kwangu bado ni yale ya Bob Dylan. Yeye ana mfululizo unaitwa Bootleg Series ulioanza 1991, na namba 12 iliyotoka 2015, The Cutting Edge, inachukua kazi yake ya 1965 na 1966. Kuna boksi la sidii 18 lenye kila kitu alichorekodi studio miaka hiyo miwili, na sidii moja nzima ni Like a Rolling Stone peke yake. Siku ya kwanza, Juni 1965, unawasikia wakiupiga kwa mdundo wa waltz, moja mbili tatu, moja mbili tatu, na haukai kabisa, sauti ya Dylan imeisha, unasikia wanazunguka. Kesho yake mdundo umebadilika, Al Kooper ambaye alikuja pale kama mpiga gita amekaa kwenye kinanda ambacho hakikuwa chombo chake, na teki ya nne inatoka ile tunayoijua. Kinachoniuma vizuri ni kwamba hawakujua! Waliendelea kuupiga tena na tena siku hiyo na hakuna teki ingine iliyoifikia ile ya nne. Sisi tuliozaliwa tukaukuta wimbo umekamilika tunadhani ulishuka hivyo.

Si kila dilaksi ni safi lakini. Exile on Main St. ya Rolling Stones ni ya 1972, na ilipotolewa tena 2010 na nyimbo za ziada, baadhi zilikuwa muziki wa miaka hiyo bila maneno, na Mick Jagger akaingia studio akaimba juu yake akiwa mzee wa miaka sitini na kitu. Hawakuficha, walisema wazi, na Plundered My Soul ni wimbo mzuri. Lakini hiyo kwangu si salio tena, ni kazi mpya iliyojengwa juu ya msingi wa zamani, na ingefaa iandikwe hivyo kwa jalada kwa herufi kubwa. Mtu akinunua kanda ya 1972 anataka kusikia 1972.

Kwa nini lebo zinatoa hivi vitu? Pesa, hiyo haina mjadala, mtu alinunua LP, akanunua kaseti, akanunua sidii, na boksi kubwa linapita dola 100 bila shida. Sheria nayo imo. 2011 Umoja wa Ulaya uliongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, ila rekodi ambayo haikuwahi kutolewa ndani ya ile 50 ya kwanza inakosa hiyo nyongeza. Ndio maana mwisho wa 2012 zilitoka nakala kama 100 tu za rekodi za zamani za Dylan, na Desemba 2013 The Beatles wakaweka vipande 59 vya 1963 kwa iTunes karibu kimya kimya. Walikuwa wanawahi tarehe.

Na hayo yote yanawezekana tu kama kanda ipo. Watu hawafikirii hili. EMI, lebo ya The Beatles, waliweka kanda zao nyingi vizuri lakini za mwanzo kabisa zingine zilifutwa, juu single ikishatoka nani alidhani mtu atataka teki mbovu? Kanda nyingi za miaka ya 70 gundi yake inavuta unyevu inakuwa nata, na inabidi zipashwe joto kwa oveni maalum, nyuzi 50 na kitu, masaa mengi, ndio zikubali kuchezwa zinakiliwe. Na 1 Juni 2008 moto ulichoma stoo ya kampuni ya Universal huko California iliyokuwa na kanda mama (rekodi za asili) za wanamuziki wengi sana, na dunia ilikuja kuambiwa ukubwa wake 2019 na gazeti la New York Times.

Nikifika hapo huwa nafikiria benga. Nyimbo za D.O. Misiani na Shirati Jazz, yule mzee ambaye ajali ilimchukua hapa hapa Kisumu 2006, zilitoka kwa santuri ndogo za 45, na kwa sababu upande mmoja hautoshi wimbo unakatwa katikati, pati 1 upande huu, pati 2 upande ule, gita ikiwa ndio inaanza kuchemka inafifia unageuza. Ukitaka dilaksi ya benga hauhitaji hata masalia mengi, kurudisha pati 1 na pati 2 ziwe wimbo mmoja kama ulivyopigwa mbele ya maikrofoni ni zawadi tosha, lakini hiyo inataka kanda ya studio, na pale kanda haipo mtu anarekodi kutoka kwa santuri yenyewe na mikwaruzo yake. Ketebul Music wa Nairobi walitoa Retracing the Benga Rhythm mwaka wa 2008, kitabu, sidii na DVD pamoja, na hiyo kwangu ndiyo kazi ya karibu zaidi na boksi la dilaksi ambayo muziki wa huku Nyanza umepata. Natamani sana ipatikane ya bendi moja, kipindi kimoja, teki zote.

Kama unaimba kwaya, na huku magharibi ni nani hajaimba kwaya, anza na The Pet Sounds Sessions ya Beach Boys, ilitoka 1997, sidii nne, kuna sehemu wametoa vyombo vyote wakaacha sauti tupu. Sauti ya nne inapanda wapi, nani anashikilia chini, unasikia kila kitu, unaweza kumpelekea mwalimu wa kwaya kesho.

Huhitaji boksi. Karibu yote yako kwa apu za muziki, kinachokosekana ni kitabu, na kitabu kwa kweli ni hasara juu ndicho kinachosema teki ilipigwa siku gani na nani alikuwepo. Pakua ukiwa na waifai ndio bando isiishe. Na kama hujawahi kusikiza albamu yenyewe usianze na masalia, hutajua nini kimebadilika. Tena chunga, apu ikimaliza albamu haisimami, inaingia teki moja kwa moja bila kukuambia. Kwa Revolver wimbo wa mwisho wa 1966 ni Tomorrow Never Knows, ukiisha zima hapo, sikiza hizo 14 siku kadhaa mpaka uzijue, ndio ufungue Rain ya teki ya tano.