Je, wajua? Kambare wa unga hanywi mafuta akiwa kwenye karai, anayanywa akishatoka

Swali ni hili: kwa nini kambare uliyempaka unga ukamkaanga mwenyewe nyumbani anatoka kwenye karai akiwa mkavu kabisa, ukimgonga na uma unasikia ka ka ka, halafu unageuka kidogo tu ukatekate kachumbari, ukirudi unakuta ganda limelegea na chini ya sahani mafuta yametuama?

Jibu la mtaani lipo tayari siku zote: "amekaa sana kwenye mafuta, amekunywa." Na dawa yake inafuata hapohapo, mtoe mapema. Ukilitazama haraka halina kasoro, samaki kazama kwenye mafuta, mafuta yameingia, sasa hapo mtu anabisha nini? Ndo maana limedumu, linapita kwa mama kwenda kwa binti, linapita kwa muuza samaki kwenda kwa mteja. Shida ni kwamba mambo yanakwenda karibu kinyume chake, na ile dawa ya kumtoa mapema ndo inayomharibu zaidi.

Kwanza tumtambue mhusika, kwa kifupi. Kambare tunayemnunua sokoni huku kwetu, mwenye sharubu jozi nne na ute usioisha, hana magamba, anavuta hewa ya juu kama maji ni machafu, na usiku wa mvua anaweza kujiburuta kwenye tope akahamia dimbwi lingine. Ziwa Victoria wale wadogo wanaishia kuwa chambo cha sangara, jambo ambalo kwa samaki mtamu namna hii naona ni dharau. Waliomfanya kambare wa unga kuwa chakula cha heshima ni watu wa kusini mwa Marekani, hasa Mississippi. Wa kwao ni wa jamii nyingine, anafugwa kwenye mabwawa, na mji mdogo wa Belzoni unajiita makao makuu ya kambare duniani. Wamarekani waliyachukulia mambo haya kwa uzito kiasi kwamba Rais Ronald Reagan alitangaza tarehe 25 Juni 1987 kuwa siku ya kambare kitaifa. Na unga wanaompaka ni wa mahindi, kitu ambacho wewe unacho kwenye ndoo jikoni sasa hivi, tutarudi hapo.

Sasa turudi kwenye karai. Angalia yale mapovu samaki anapoingia, ile kelele ya shaaa. Watu wanasema mafuta yanachemka. Hayachemki. Mafuta ya kukaangia yakiwa tayari kwa kazi yanakuwa kwenye nyuzijoto 175 mpaka 190 hivi, na ukizidi kuyapandisha yataanza kutoa moshi na kuunguza nyumba kabla hujayaona yakichemka. Yale mapovu ni maji. Ni maji ya samaki na ya unga uliolowa, yanakutana na joto la 180, yenyewe yanachemka kwenye 100 (ukiwa Dar, ukiwa Nairobi ni karibu 95 kwa sababu ya mwinuko), kwa hiyo yanageuka mvuke palepale na kutoka kwa fujo. Na mvuke ni mwingi kuliko unavyodhani. Maji yakigeuka mvuke yanavimba zaidi ya mara 1,600, maana yake kijiko kimoja cha chai cha maji kinatoa lita kama nane za mvuke, na zote hizo lazima zipite kwenye vitundu vidogo vya lile ganda zikielekea nje.

Hapo ndo penye jibu. Fikiria daladala imefika kituo cha mwisho, imejaa, mlango umefunguliwa na watu wanamiminika kushuka. Wewe uko chini unataka kupanda. Hupandi, hata ukiwa na nguvu vipi, kwa sababu mlango ni mmoja na wanaotoka wanakusukuma nyuma (acha Mbagala, kule watu wanapitia dirishani, hiyo ni sayansi nyingine). Mafuta ndo abiria waliosimama chini. Muda wote mvuke unaposhuka, mafuta yamebanana mlangoni, yameigusa bodi ya gari pande zote, lakini kuingia ndani kwa wingi hayawezi. Sasa abiria wa mwisho akishuka inakuwaje? Wote waliokuwa wanasubiri wanaingia kwa mkupuo mmoja, na wanajaza viti vyote vilivyoachwa wazi. Na viti vilivyoachwa wazi kwa samaki wetu ni vile vitundu ambavyo maji yalitokea. Tena kwa samaki kuna na mvuto wa ziada: ukimtoa kwenye karai ganda linapoa, mvuke uliobaki kwenye vitundu unarudi kuwa maji, nafasi yake inabaki tupu, na utupu ule unayavuta ndani mafuta yaliyonata juu ya ngozi ya unga.

Kwa hiyo mafuta yanayoingia ni yale aliyotoka nayo yamenata kwa nje. Yale yaliyobaki kwenye karai hayana hatia.

Miaka ya 1990 watafiti wa vyakula walilijaribu hili kwa njia ya kuchekesha kidogo, walitia rangi kwenye mafuta katika nyakati tofauti za kukaanga vipande vya viazi, halafu wakaangalia rangi imefika wapi, na wakaona sehemu kubwa ya mafuta inaingia kipande kikishatolewa. Majaribio ya tortilla, zile chapati nyembamba za mahindi za Mexico, yalielekea hukohuko. Ila hapo tuwe waangalifu: hao ni viazi na tortilla. Kambare ana mafuta yake mwenyewe mwilini, ana unga uliobandikwa kwa nje, na ni mnene kuliko kipande cha chipsi, hivyo asilimia za kwenye viazi usizihamishie kwake. Kinachohama ni utaratibu, kwamba mvuke ukiwa unatoka kwa nguvu mafuta yanazuiwa, ukikata mafuta yanaingia.

Kuna na toleo lingine la hadithi hii, la wanaojiona wameenda shule, wanasema moto mkali "unaziba" matundu ya nje ili maji yasitoke na mafuta yasiingie. Hili nalo linajikanusha lenyewe jikoni. Kama kumezibwa, mapovu yanatoka wapi? Samaki anatoa mapovu tangu anaingia mpaka unamtoa. Hakuna kilichozibwa, kuna msongamano tu wa wanaotoka.

Sasa angalia ile dawa ya kumtoa mapema inafanya nini. Nyama ya kambare ni maji kwa sehemu kubwa, na ganda linakuwa kavu pale tu maji yake yakishakwisha. Maadamu kuna maji kwenye ule unga, joto lake haliwezi kupanda sana juu ya 100 kwa sababu joto lote linaliwa na kazi ya kugeuza maji kuwa mvuke. Rangi ya kahawia na ile harufu inayoita majirani zinakuja vizuri ganda likifika kama 140 hivi, yaani likishakauka. Ukimtoa kabla, umetoa unga uliopikwa lakini haujakauka, na ndani bado kuna maji mengi ya moto yanayotafuta njia. Yataipata kupitia hilohilo ganda, polepole, wakati amelala kwenye sahani. Kwa hiyo analowa kwa maji kutoka ndani na kwa mafuta kutoka nje, halafu lawama zote zinapewa mafuta.

Mapovu yakipungua na ile kelele ikashuka, ikawa sauti nyembamba, hapo ndo pa kumtoa. Masikio yanasaidia kuliko saa. Lakini usisubiri mpaka kimya, kimya maana yake abiria wameisha na milango iko wazi.

Na ukimtoa, zile sekunde za kwanza ndo za kazi. Mshike juu ya karai mafuta yachuruzike, mkung'ute, bado yuko moto na bado anatoa mvuke, kila tone linalodondoka hapo ni tone ambalo haliingii ndani. Tabia ya kuzima jiko ukamwacha samaki apoe humohumo kwenye mafuta, eti asipoe haraka, hiyo ndo mbaya kuliko zote, maana umekata mvuke huku umemzamisha. Na mafuta yaliyokaangia chapati, mihogo na samaki wa wiki nzima yanakuwa mazito, hayachuruziki vizuri, yanabaki yamemng'ang'ania.

Halafu mweke wapi? Wengi tunaweka juu ya gazeti au tishu kwenye sinia, na juu inakuwa sawa, ila mgeuze uone upande wa chini. Mvuke wa chini haukuwa na pa kwenda, umegonga karatasi ukarudi kuwa maji. Wavu wa kuchomea nyama uliowekwa juu ya sinia unashinda karatasi, hewa inapita chini. Hotipoti sasa ndo kaburi la ganda. Imetengenezwa izuie joto lisitoke, na inazuia na mvuke vilevile, ukifungua baada ya nusu saa utaona matone yananing'inia kwenye mfuniko, yale maji yalikuwa ya samaki wako. Hata ugali wa moto ukiegeshwa naye sahani moja unamtia mvuke ubavuni, kama una sahani ya pembeni itumie.

Kuhusu unga. Ngano ukiilowesha inatengeneza utando unaonata na kushika maji, ndo maana inang'ang'ania samaki vizuri lakini inalegea mapema. Mahindi hayana utando huo. Chembe zake ni ngumu, na kama hujazilowesha sana nyingi hazipati maji ya kutosha kuvimba, zinakaangika zikiwa bado chembe, na ndo zinazolia kwenye meno. Dona lenye chengachenga linafanya kazi hii kuliko sembe laini. Wa Mississippi wengi wanachanganya mahindi na ngano kidogo, mahindi yalie, ngano ishike, baada ya kumlaza samaki kwenye maziwa ya mtindi. Chenga za mkate mkavu nazo zinafanya vizuri kwa njia ya kawaida, unga mkavu kwanza, yai lililopigwa, halafu chenga. Ule unga wa kwanza usiuruke kwa kambare hasa, ule ute wake unafanya yai liteleze na ganda lote litoke kama soksi. Msugue kwa chumvi na ndimu, muoshe, tia chumvi ya kula, mwache dakika 15 au 20 atoe maji, halafu mfute akauke kabisa.

Moto mdogo nao una kesi yake, lakini si ile tunayoambiwa. Kwamba mafuta yasiyo moto yanaingia zaidi, majaribio hayakubaliani sana hapo. Kilicho wazi ni kwamba mvuke unatoka kwa unyonge na ganda linachelewa kukauka, unga unakaa umelowa na kudondoka vipandevipande. Ukijaza vipande sita kwenye karai dogo umefanya kitu hichohicho, joto linashuka ghafla. Kama huna kipimajoto, chovya kijiti kikavu cha mbao, kikitoa vipovu vidogo pembeni mfululizo, weka samaki.

Kama amebaki wa jana, usimpe maikrowevu. Ile inapasha maji ya ndani ya nyama, yanageuka mvuke na kupitia kwenye ganda, na hewa ya humo ni baridi, haina uwezo wa kulikausha, unapata samaki wa moto aliyevaa kitambaa kibichi. Kikaango kikavu moto wa wastani, bila mfuniko, ukimgeuza mara mojamoja, kinatosha. Mafuta usiongeze, ya jana bado anayo.