Kwa nini mtu aliye nje kwa dhamana aombe ruhusa kwenda msibani?

Mshtakiwa katoka mahabusu mchana, Dar es Salaam. Jioni simu inaita: baba mdogo kafariki Tanga. Nauli ipo, basi la alfajiri lipo, na Tanga hakuna anayeulizwa pasipoti. Mbona wakili wake anamwambia, "Usithubutu"?

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya Tanzania Bara inamtaka hakimu anayetoa dhamana aweke masharti mawili: mshtakiwa akabidhi polisi pasipoti au hati yoyote ya kusafiria, na asitoke nje ya mji, kijiji au eneo analoishi. Hilo la pili ndilo linalosahauliwa. Watu hudhani pasipoti ikishachukuliwa, ndani ya nchi ni ruksa. Kumbe hata kupanda boti kwenda Unguja, mwendo wa saa mbili hivi, ni kuvunja sharti.

Ukali huu una sababu yake. Mahakama haina askari wa kumfuata kila mshtakiwa mtaani. Ilicho nacho ni wadhamini, wale waliokuja na barua za serikali ya mtaa wakasaini bondi, yaani ahadi ya kulipa mshtakiwa asipoonekana. Akiyeyuka, wao ndio wanaobanwa walipe. Mtu asiyejulikana aliko ni mzigo kwa shemeji aliyemdhamini kabla hajawa mzigo kwa hakimu.

Na si vitisho vya makaratasi. Novemba 2018 Mahakama ya Kisutu iliwafutia dhamana Freeman Mbowe na Esther Matiko, wakati huo wabunge wa CHADEMA, kwa kukiuka masharti. Mbowe alisema alikwenda nje kutibiwa. Matiko alikuwa amekwenda Burundi. Wote wawili walipelekwa gereza la Segerea, wakakaa huko zaidi ya siku 100, hadi Mahakama Kuu ilipowarudishia dhamana Machi 2019.

Ruhusa yenyewe si ngumu kuomba. Wakili anasimama, anaeleza safari ni ya wapi na ya siku ngapi, upande wa mashtaka unaulizwa kama una pingamizi, hakimu anaandika tarehe ya kurudi. Kinachokwamisha ni kalenda. Baba mdogo kafariki Ijumaa jioni, hakimu ataonekana Jumatatu, na Tanga wanazika kesho baada ya swala ya adhuhuri.